Pikapu ya Verlene Ilipogoma

Verlene Skogstad alipika chakula cha mchana katika shule yetu ya Halsvik kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka kumi na moja ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikiosha sahani nyuma yake. Ndiyo maana nayajua haya. Mengine niliyaona kwa macho, mengine alinisimulia mwenyewe jikoni kwake, akinyamaza katikati ya sentensi ili acheke kwanza.

Mwanamume aliyewahi kusimama kwenye foleni ya Verlene akiwa na miaka saba hawezi kumpiga chenga akiwa na hamsini. Verlene anamkumbuka aliyekuwa akificha njegere ndani ya pakiti ya maziwa. Anamkumbuka aliyelia siku ya samaki. Ukikutana naye dukani anakutazama kama anayekadiria ulikula nini na umebakiza nini, na watu wazima wenye ofisi zao, wenye wajukuu, hujikuta wakivuta mashati yao chini na kumwamkia kwa adabu.

Mumewe Orlin alifariki miaka tisa iliyopita. Alimwachia nyumba ya mbao, mbwa kiziwi, na pikapu ya mwaka themanini na nne. Rangi yake ya asili ilikuwa kahawia, au pengine kijani. Hapa mjini hatujawahi kukubaliana. Mlango wa abiria haufunguki mpaka uupige goti. Kipasha joto kinajua kazi moja tu, moto wa mwisho, kwa hiyo mwezi wa Januari, nje baridi ya kukausha mate mdomoni, waliomo ndani huwa wamevua makoti. Lakini inawaka. Imebeba nguruwe, imebeba meza za kanisa kila msimu wa chakula cha kuchangia ukarabati wa paa, imebeba friji za watu watatu walioachana na wake zao na mmoja aliyerudiana. Majani ya vuli, kokoto, matofali, bomba la kisima. Hakuna kitu kilichowahi kuingia Halsvik au kutoka ambacho hakikupitia mgongoni mwake.

Si kwamba pikapu ni chache kwetu. Mji wa watu mia sita, na karibu kila nyumba ina moja imesimama mlangoni, ndefu kuliko gereji iliyojengwa kuitunza. Lowell Brekke, mfamasia, yake ni ya buluu iliyokolea, imeinuka kiasi kwamba ngazi ndogo inajitokeza yenyewe chini ya mlango ili apande. Inambeba Lowell kutoka nyumbani hadi duka la dawa, mitaa minne, na jioni inamrudisha. Jumamosi inakwenda naye mji wa pili kununua mfuko wa chakula cha ndege. Mfuko huo haukai nyuma. Unakaa kiti cha abiria, umefungwa mkanda, kwa sababu usipofungwa gari linapiga kelele njia nzima.

Na Corwin Tveit, wakala wa bima, yake ni nyeupe kama maziwa ya unga. Nyuma, pale penye bodi la mizigo, aliweka kapeti. Sisemi mfano; kapeti la kweli, la kijivu, limekatwa kwa kipimo likapanda hadi kwenye kuta. Jumapili baada ya ibada huvuta waya mrefu kutoka nyumbani na kulifyonza vumbi kwa mashine, akiwa ametoa tai lakini bado amevaa viatu vya kanisani.

Sasa, watu hawa wakitaka kubeba kitu chenye uzito, au chenye uchafu, au chenye kona, walikwenda kwa Verlene. Walikuja wawili wawili kama washenga. Walisifia maua. Walimuuliza mbwa hali yake, na mbwa, kiziwi, aliendelea kulala. Kisha walisema kuna kakitu kadogo tu, mzigo mmoja, na kwa kuwa yake imeshakwaruzika tayari haitakuwa na neno. Verlene alikuwa akiwapa ufunguo. Pikapu ilirudi na tangi tupu na harufu, na Verlene alikuwa akifagia.

Hilo lilikwenda miaka mingi, mpaka Mei ya mwaka jana.

Siku hiyo Corwin alikuja kuiazima akachukue samadi ya bata mzinga kwa ajili ya waridi za mkewe. Verlene akampa. Lakini Corwin alisimama pale mlangoni akikuna shingo, kisha akasema redio imetangaza mvua ya mawe alasiri, na kwa kuwa gereji ya Verlene itakuwa wazi, je, haitakuwa taabu akiiacha nyeupe yake humo ndani kwa muda? Verlene akasema haina taabu. Alikuwa ameshamaliza kusema ndipo akaelewa alichosema.

Mawe yalishuka saa tisa, makubwa kama mayai ya kware. Verlene alisimama dirishani kwake. Ndani ya gereji ya Orlin, mahali pakavu, mlango umefungwa, ilipumzika gari nyeupe ya Corwin. Huko nje barabara ya kaskazini, pikapu ya Orlin ilikuwa ikipigwa mawe kichwani huku imejaa mavi ya bata mzinga. Ilirudi ikiwa na mabonde kwenye boneti kama uso wa aliyeugua ndui. Corwin aliomba radhi, kwa dhati kabisa, akasema bahati nzuri iliyopigwa ni ile pikapu ya zamani.

Verlene aliniambia kwamba hakukasirika. Alisema tu kwamba alikwenda kuketi kitandani, akatazama viatu vya Orlin ambavyo bado hajavitoa, na akaanza kufikiri.

Oktoba ikafika. Rafiki yetu Ardis Hegland, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa amekubali hatimaye kuhama shambani aje kwenye vyumba vya wazee hapa mjini, karibu na zahanati. Nyonga zilimshinda. Kuhama kukapangwa Jumamosi, na Jumapili iliyotangulia, kwenye kahawa ya baada ya ibada, mchungaji akauliza nani atasaidia. Mikono ilipanda mingi. Lowell akasema yupo. Corwin akasema yupo. Dewayne Aasen, fundi wa magari aliyestaafu, mzee wa maneno machache, hakunyanyua mkono lakini alitikisa kichwa kukubali, na kwa Dewayne hicho ni kiapo.

"Kwa hiyo tuna magari mangapi?" mchungaji akauliza.

"Tutatumia la Verlene," akasema Corwin, akichovya biskuti. "Tutapiga safari tano, sita. Sisi tutamfuata nyuma kumsaidia kupakia."

Ardis, aliyekuwa ameketi na fimbo yake katikati ya magoti, aligeuka akamtazama Verlene. Verlene alikuwa akimimina kahawa. Alimimina mpaka ukingoni, akasema hiyo ni sawa kabisa.

Ijumaa alasiri nilipita kwake kurudisha bakuli nikamkuta amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa chote kimo chini ya boneti. Alipotoka alikuwa na kidude cheusi cha plastiki mkononi, kidogo kuliko kizibo cha chupa ya chai. Ndicho kinachozunguka ndani ya injini na kugawa cheche kwa plagi. Magari ya siku hizi hayana tena. Ya Orlin ilikuwa nacho. Orlin alikuwa akikichomoa zamani kila alipotaka ndugu yake wa kambo asiichukue pikapu bila kuomba, na Verlene alikuwa akimshikia tochi.

"Bila hiki?" nikamuuliza.

"Itakohoa tu mpaka betri ichoke," akasema. Akakipangusa kwa aproni, akakitia mfukoni, akaniuliza kama bakuli nimelisugua chini au nimelipitisha tu kwenye maji kama kawaida yangu.

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi mtaa wetu ulikuwa umejaa pikapu. Kila moja imebeba mtu mmoja na kikombe kimoja cha kahawa. Anga ilikuwa imeshuka, rangi ya bati, na utabiri ulisema theluji itaanza baada ya saa tisa. Wanaume wakasimama kwa duara wakipuliza vikombe vyao huku Verlene akipanda pikapu yake, koti limefungwa hadi kidevuni. Akazungusha ufunguo. Ikakohoa. Akazungusha tena. Ikakohoa kwa muda mrefu zaidi, kwa huzuni, halafu kimya.

Lowell akashauri akanyage mafuta. Corwin akashauri asikanyage. Mtu akasema labda ni baridi. Verlene akashuka, akasimama na mikono ndani ya mifuko ya koti, uso wa mjane aliyepatwa na jambo jingine tena, nami ilinibidi nitazame upande wa mbwa.

Ndipo Dewayne alipofika. Alikuwa amekuja kwa miguu, kwa sababu Dewayne, aliyetengeneza magari ya watu miaka arobaini, hana gari. Wakampisha. Akafungua boneti, akainama. Alikwenda moja kwa moja mahali penyewe, akafungua vibanio viwili, akainua kifuniko cha mahali kinapokaa kile kidude, akatazama ndani. Alitazama kitambo. Verlene alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, na aliniambia baadaye kwamba miaka thelathini na mmoja ya kupikia watoto mia mbili haikuwahi kumfanya moyo uende mbio vile.

Dewayne akarudisha kifuniko. Akafunga vibanio taratibu, kimoja, kingine. Akanyoosha mgongo, akamtazama Verlene.

"Hii haiwaki leo," akasema.

"Shida nini?" akauliza Corwin.

"Uzee."

"Kesho je?"

"Wala kesho. Uzee una mambo mengi ndani yake." Akafunga boneti, akapangusa mikono iliyokuwa haijachafuka.

Kila mwanamume alitazama pikapu ya mwenzake. Lowell akatoa simu kutafuta tela la kukodi. Akaambiwa matela yote ya wilaya yapo mashambani, mavuno ya viazisukari hayajaisha. Mmoja akakumbuka mgongo wake. Mwingine akakumbuka mgongo wa mkewe. Wengine wakaondoka kwa visingizio vyao vya heshima, na Verlene aliwaaga kila mmoja kwa jina lake kamili, kama vile zamani alivyokuwa akiwaita kwenye foleni, na nadhani hilo liliwauma kuliko tusi. Wakabaki Lowell, Corwin na Dewayne.

"Basi," akasema Verlene, "Ardis anangoja, na masanduku yake yapo kibarazani. Tunakwendaje?"

Corwin akaitazama nyeupe yake. Akaitazama anga. Akasema kwamba yeye anaweza kubeba vitu laini.

Tukaenda. Mimi nilipanda kwa Lowell, Dewayne nyuma yetu kwenye kiti cha pili, mfuko wa chakula cha ndege miguuni pake. Verlene alipanda kwa Corwin. Kilomita ishirini za changarawe, na Corwin aliendesha kama anayepita juu ya watoto waliolala.

Kwa Ardis ilibidi kwanza kufungua kifuniko kigumu kilichofunika bodi la gari la Lowell. Kina kufuli, na Lowell hakujua ufunguo wake ni upi. Alijaribu wote kwenye fungu, pamoja na wa duka la dawa. Dewayne akaomba bisibisi. Kifuniko kilipoinuka tukakuta plastiki ya kiwandani bado imebandikwa sakafuni, na juu yake, kwenye kona, shada kubwa la Krismasi lenye utepe mwekundu. Lowell alilitazama akawa mwekundu kama utepe wenyewe. Mkewe alikuwa amelitafuta tangu Desemba, na mnamo Januari alikuwa amesema maneno fulani kwenye mkutano wa akina mama kuhusu watu wenye mikono mirefu. Nilikuwepo. Maneno yale yalikuwa yamenielekea mimi kidogo.

"Usimwambie," Lowell akaniomba.

Nikamwambia tutaona atakavyobeba kabati.

Akabeba kabati. Alibeba na kitanda, na friza yenye nyama ya paa ya misimu miwili, na alipoona mkwaruzo wa kwanza alilamba kidole akausugua, alipoona wa pili akaguna, wa tatu hakuuona kwa sababu alikuwa chini ya meza. Verlene alisimama kwenye ngazi za kibaraza na kugawa mizigo vilevile alivyokuwa akigawa viazi: huyu hiki, yule kile, songa mbele, nani anafuata.

Corwin alipewa mito. Akapewa mapazia na vivuli vya taa, akavipanga juu ya kapeti kwa upendo, na kufikia hapo alikuwa ameanza kupiga mluzi. Ndipo Ardis alipotoka nje na fimbo yake. Alikuwa amevaa kofia ya kwendea kanisani. Akazunguka pikapu nyeupe mara moja, akachungulia nyuma, akaligusa kapeti kwa ncha ya fimbo.

"Achari yangu itakaa humu," akasema.

Kulikuwa na kreti nne, chupa arobaini na nane za bitiruti iliyotiwa siki, sukari na karafuu, kazi ya mwisho ya bustani yake ya mwisho. Corwin akasema kwa upole labda gari la Lowell lingefaa zaidi. Ardis akasema la Lowell ni gumu sakafu, lingevunja. Hili lina kapeti. Hajawahi kuona mtu mwenye busara ya kuweka kapeti kwa ajili ya achari, na amefurahi sana kwamba mtu huyo ni Corwin, kwa sababu alipokuwa mdogo walimdhania mzito wa kuelewa.

Verlene alitazama pembeni. Kreti zikapakiwa, mito ikashindiliwa pande zote, Corwin akafunga kamba mwenyewe, mafundo saba.

Yaliyosemwa ndani ya gari ile njiani nimeyapata kwa Verlene. Walikuwa wamekwenda kama dakika kumi, Corwin mikono yote miwili kwenye usukani, macho kwenye kioo cha nyuma kuliko barabarani. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba anajua watu wanamcheka.

"Hakuna anayekucheka," akasema Verlene, ambaye alikuwa amemcheka tangu Mei.

"Wanacheka. Hata mke wangu. Lakini wewe ulimjua baba, Bi Verlene. Ulishamwona na kitu kipya? Trekta la mnada. Viatu vya marehemu mjomba. Hata jeneza tulilomzikia lilikuwa na punguzo, kona moja imebonyea, akasema mwenyewe kabla hajafa tulichukue hilo hilo." Akapangusa vumbi kwenye dashibodi kwa kidole. "Mchana nakula mkate wangu humu ndani, nyuma ya ofisi. Nakaa tu. Inanukia upya. Miaka mitatu na bado inanukia upya."

Verlene alikuwa na mkono mfukoni, kidude cheusi kimo ndani ya kiganja chake. Aliniambia kwamba alikuwa ameshafungua mdomo ili akitoe na akiri yote, hapo hapo. Alikuwa hata amechagua neno la kwanza.

Ndipo walipofika kwenye reli. Corwin alipunguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea. Tairi za mbele zikapanda, zikashuka. Za nyuma zikapanda. Na nyuma yao ikatoka sauti ambayo Verlene aliielewa mara moja, maana jikoni anaijua kila sauti ya kioo: kwanza mlio mmoja mdogo, kama mtu anayegonga glasi kuomba watu wanyamaze, halafu mingi, halafu kitu kama maji yanayotafuta njia.

Corwin akasimamisha gari kando. Wakashuka. Sisi tuliokuwa nyuma yao tukasimama pia.

Kreti ya juu ilikuwa imelala ubavu. Chupa kumi na moja zilikuwa zimevunjika, na kama hujawahi kuona achari ya bitiruti juu ya kapeti la kijivu, fikiria machinjio. Wekundu ulikuwa umepanda kuta, umelowesha mito ya Ardis, umepenya chini ya ubao wa nyuma na sasa ulikuwa ukichuruzika juu ya rangi nyeupe, mistari mirefu, hadi kwenye namba ya gari. Harufu ya siki na karafuu ilijaa barabara nzima.

Lowell alivua kofia. Corwin alisimama mikono ikining'inia, na midomo yake ikawa inafanya kitu ambacho Verlene aliwahi kukiona mara moja tu, mwaka ambao mtoto huyo alimwaga sinia lake zima mbele ya darasa la sita. Siku ile Verlene alikuwa amekwenda na kitambaa akapangusa, akampa sinia jingine. Sasa hakuwa na kitambaa. Akasogea akasimama karibu naye, bega kwa bega, basi.

Corwin akainama. Akachukua kipande kimoja cha bitiruti kilichokuwa juu ya kapeti, hakina kioo, akakipuliza, akakitia mdomoni. Akatafuna muda mrefu huku akitazama mashamba.

"Si mbaya," akasema.

Kwetu hayo ni maneno makubwa. Hakuna anayeweza kukuambia alikuwa anazungumzia achari au mambo yote. Lakini akafungua ubao wa nyuma, akaanza kutupa vioo ndani ya ndoo, nasi tukamsaidia, na katikati ya kazi hiyo mabega yake yakaanza kutikisika. Verlene alidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha chini, cha mtu aliyekuwa amebeba trei iliyojaa maji kwa miaka mitatu na sasa imemwagika na bado yu hai.

Tulipomshushia Ardis shehena ya kwanza, na akaambiwa kuhusu chupa kumi na moja, aliuliza tu zimebaki ngapi. Kisha ikabidi kurudi shambani kwa jiko. Jiko la chuma la kuni, la bibi yake Ardis, kilo mia mbili na ushee, lenye miguu kama ya simba na masizi ya miaka tisini. Lilikuwa linakwenda kwa mpwa wake. Lowell alikuwa anatafuta mablanketi ya kutandika kwenye gari lake, ndipo Corwin akasema, "Leteni kwangu."

"Corwin, fikiri," akasema Lowell.

"Nimeshafikiri. Leteni."

Aliling'oa lile kapeti mwenyewe. Lilitoka kwa mlio mrefu, akaliviringisha, akalitupa kwenye pipa la Ardis. Jiko likapandishwa juu ya mbao, Dewayne akipiga hesabu ya moja, mbili, tatu, na lilipogonga ukuta wa bodi na kuacha shimo la ukubwa wa ngumi Corwin aliligusa kama unavyogusa jino lililong'oka. Akasema jiko linahitaji kusogezwa kidogo kushoto. Theluji ya kwanza ilianza kudondoka tukiwa tunafunga kamba. Mzigo huo wa mwisho uliteremshwa kwa mpwa wa Ardis saa tisa na dakika arobaini.

Jumatatu Dewayne alifika kwa Verlene. Hakugonga. Alifungua boneti ya pikapu, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama daktari anayengoja mkasi, na Verlene akamwekea kile kidude kiganjani. Injini ikawaka mara moja. Dewayne akakubali kahawa na vipande viwili vya keki ya rababi, akaondoka, na katika jambo hilo lote hawajasemezana neno hadi leo.

Je, Verlene alikiri kwa Corwin? Alinuia. Alikwenda ofisini kwake wiki iliyofuata, akamkuta hayupo. Ameandika kwenye kibao cha mlangoni kwamba amekwenda kumbebea mtu mbuzi. Akaenda tena, akaambiwa amekwenda kubeba kokoto. Corwin alikuwa ameshikwa na hamu ya kubeba. Alikuwa anabeba chochote cha yeyote. Alipita mitaani polepole akichungulia nyua za watu, akiona gogo au godoro anapiga breki. Lowell naye, asishindwe, alipeleka mchanga kwa nyumba tatu, na mbili kati ya hizo hazikuwa zimeagiza mchanga. Mkewe hajui habari za shada mpaka sasa. Lowell amenisaidia kwa mambo kadhaa tangu hapo, na ninayo mengine mawili nayafikiria.

Mwisho wa Novemba, Verlene anafagia theluji mlangoni, nyeupe ya Corwin ikaingia kinyumenyume ikiwa imejaa kuni hadi juu, mwaloni mkavu uliopasuliwa vizuri. Nyuma, juu ya namba ya gari, mistari ya waridi ya bitiruti bado inaonekana. Hataki kupaka rangi. Akashuka, uso umewiva kwa baridi na raha. Alisema amefikiria mambo ya samadi na ile mvua ya mawe, na kwamba hakulala vizuri kwa ajili yake, na hizi ni kwa ajili ya majira ya baridi, na wala asimshukuru. Kabla Verlene hajafungua mdomo alikuwa ameshateremsha ubao na kuzimwaga zote mbele ya gereji.

Nyumba ya Verlene inapashwa joto kwa gesi. Hajawahi kuwa na jiko la kuni wala mahali pa kuwashia moto.

Akamwambia Corwin kwamba hizo ndizo hasa alizokuwa akizihitaji. Kisha akanipigia simu, akaniambia nivae glavu nije, tuna kazi ya kupanga.